Vipuri vya kompyuta Kariakoo: ukisema "em-tu" unaweza kupewa vitu vinne

Huduma tunayoipima hapa ni hii: mtu anafika Kariakoo, upande wa Aggrey na Likoma, anataja kipuri cha laptopu kwa mdomo, analipa, anaondoka. Kwa wingi wa bidhaa, Dar nzima hakuna pa kulinganisha. Wauzaji ni wepesi, wengi kazi wanaijua, na bei inazungumzika mpaka dakika ya mwisho. Kasoro iko kwenye jina la kitu: linavyotamkwa na mteja, na linavyopokelewa na aliye upande wa pili wa kaunta. Si kila anayerudisha mzigo kesho yake aliuziwa feki. Wengi wao walipewa kilekile walichotamka.

Watu wa kompyuta wana ugomvi wao wa matamshi, na ni mtamu kwa wenye muda. Unaojulikana zaidi ni wa GIF, aina ya faili la picha. Steve Wilhite, aliyeongoza kazi ya kuibuni pale CompuServe mwaka 1987, alishikilia kwamba ni "jifu", na mwaka 2013 alipopewa tuzo ya Webby alitumia nafasi yake ya kuhutubia kuonyesha kwenye skrini sentensi moja tu ya kusema hivyo. Dunia ikamsikia, na walio wengi wakaendelea na "gifu" yao. Kuna SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata: ilizaliwa IBM miaka ya 1970 ikiitwa SEQUEL, jina likapunguzwa kwa sababu lilikuwa alama ya biashara ya kampuni nyingine, ndiyo maana hadi leo wapo wa "sikweli" na wapo wa "esi-kyu-eli". Mwongozo wa MySQL, programu ya hifadhidata inayotumia lugha hiyo, unasema tamko rasmi ni la herufi moja moja, kisha unaongeza kwamba ukisema vingine hawana neno. Waandishi wa PNG, aina nyingine ya faili la picha, nao waliweka kwenye waraka wake wa kiufundi kwamba isomwe "pingi", na ni nadra kumsikia mtu anayewatii. Vijana wa chuo cha DIT na wa TEHAMA pale Kijitonyama wanaweza kukesha kwenye mada hizi bila hasara yoyote, kwa sababu useme jifu au gifu, faili litakalofunguka ni lilelile.

Kaunta ya Kariakoo inafanya kazi kinyume chake. Hapa habishi mtu. Tamko ni moja, wote wanaridhika kwamba wameelewana, kumbe nyuma ya tamko hilo kuna bidhaa mbili, tatu au nne zisizoingiliana. Kwa hiyo tathmini hii haijali nani anatamka kama Mmarekani. Inajali ni sauti ipi inatenganisha mzigo mmoja na mwingine, na ipi haitenganishi.

Mbaya kuliko zote ni M.2, umbo la SSD, yaani diski isiyozunguka inayotunza mafaili ya laptopu. Sokoni ni "em-tu", nukta ya katikati haitamkwi na mtu. Mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, em-tu ipo?"

"Ipo bosi wangu. Ya ngapi?"

"Mia mbili hamsini na sita."

"Hiyo hapo, mpya, na boksi lake. Nikufungie?"

Hakuna aliyedanganya hapo, na hakuna aliyeuliza swali la maana. M.2 ni jina la umbo: kijibao chembamba chenye upana wa milimita 22 kinachochomekwa kwa ubavu na kufungwa kwa skrubu moja. Ndani ya umbo hilo kuna aina mbili za mawasiliano. Ya kwanza ni SATA, ileile ya diski za inchi 2.5, ambayo kikomo chake ni kama megabaiti 550 kwa sekunde. Ya pili ni NVMe, inayopita kwenye PCIe, yaani njia za data za kasi za madabodi, na kwa PCIe 3.0 yenye njia nne hufika kama megabaiti 3,500 kwa sekunde. Laptopu yenye sloti ya SATA peke yake haitaiona NVMe hata uichomeke mara ngapi, na yenye sloti ya PCIe peke yake haitaiona SATA. Haiungui wala haitoi moshi. Ukiingia bayosi, ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijawaka, unakuta kimya, diski haipo. Mteja anarudi akisema ni mbovu, muuzaji anaichomeka kwenye mashine yake ya kutestia, inasoma vizuri. Ugomvi unaanzia hapo, na kila mmoja ana haki yake.

Hapo bado hatujaitaja mSATA. Hiki ni kipuri kingine kabisa, kifupi na kipana zaidi, kama milimita 51 kwa 30, cha laptopu za zama za ThinkPad X220 na T420, mwaka 2011 na jirani zake. Kinatamkwa "em-sata". Sasa mteja aliyejitahidi kujifunza kutaja aina atasema "em-tu sata", na kwenye kelele za mtaa, spika ya duka la jirani ikinadi na bodaboda ikipiga honi, hiyo "tu" ndiyo ya kwanza kumezwa. Aliyekuja kununua cha laptopu ya 2016 anakabidhiwa cha 2011. Afadhali hiki kosa lake linaonekana kwa macho: ukikiweka juu ya kile cha zamani, upana unakataa.

Maboksi mengi ya kutoka China yameandikwa NGFF. Kwa asili hilo ni jina la utotoni la M.2 yenyewe, yaani halisemi chochote kuhusu SATA wala NVMe. Viwanda vikaligeuza: wakiandika NGFF wanamaanisha M.2 ya SATA, na ile nyingine wanaiandika NVMe. Muuzaji anayesema "hii ni enji-efu-efu, siyo en-vi-em-i" amesema sawa kwa lugha ya boksi. Mtaalamu anayeanza kumsahihisha kwa lugha ya waraka wa kiufundi anajipotezea muda, tena anaweza kuondoka na kitu kisicho chake. Kwenye kaunta, lugha ya boksi ndiyo inayotawala.

Kinachomaliza ubishi ni meno. Geuza kijibao utazame meno ya dhahabu. Yakiwa na mapengo mawili, kwa kawaida ni SATA. Yakiwa na pengo moja, karibu na ukingo mmoja, kwa kawaida ni NVMe. Tunasema "kwa kawaida" kwa makusudi, kwa sababu zipo NVMe za njia mbili zilizokatwa mapengo mawili, na sloti yenyewe ya pengo moja inapokea vyote viwili kwa umbo bila kuahidi kuvisoma. Kwa hiyo baada ya meno soma lebo: neno NVMe au PCIe liwepo, au neno SATA liwepo. Lebo ikiwa na nembo ya kupendeza na ujazo peke yake, bila hata moja kati ya maneno hayo, rudisha kwenye droo.

Kuna na urefu. Namba kama 2280 husomwa "ishirini na mbili themanini", yaani upana milimita 22 na urefu 80. Zipo 2242 na 2230 kwa mashine ndogo. Wengi wakisikia "tu-tu-eiti-zero" hudhani ni namba ya toleo, wanaitikia. Laptopu iliyojengewa 2242 haina pa kufungia skrubu ya 2280, wala mara nyingi haina nafasi. Na skrubu yenyewe ndiyo kichekesho: nayo inaitwa M2, kwa unene wa milimita mbili, urefu kwa kawaida milimita 3. Laptopu nyingi za mtumba zinafika bila diski na bila skrubu hiyo, na kijibao kisichofungwa kinainuka chenyewe. Omba skrubu palepale unapolipa, muuzaji atakupa bure ukiomba kabla hujatoa hela. Cha nne ni chipu ya Apple iitwayo M2, iliyotoka 2022. Ukiingia duka la Mac ukaulizia em-tu, jiandae kutajiwa bei ya laptopu nzima.

Ushauri wetu kwenye kifaa hiki ni kusema maneno manne kwa mpangilio huu: umbo, mawasiliano, urefu, ujazo. "Em-tu, NVMe, ishirini na mbili themanini, mia mbili hamsini na sita." Mwenye duka anayejua kazi atakuheshimu, na asiyejua ataenda kuuliza, jambo ambalo nalo ni zuri. Usikubali pia kubembelezwa kulipia NVMe kwa sababu ya "spidi" kama sloti yako inasoma zote mbili na kazi yako ni barua, Excel na filamu. Mtu anayetoka kwenye diski ya kuzunguka ataona mbingu kwa SATA, na tofauti ya SATA na NVMe ataitafuta kwa tochi.

Kasha la kugeuza kijibao kuwa diski ya nje lina mtego huohuo. Linauzwa kama "kesi ya em-tu". Lenye chipu ya JMS583 au RTL9210 bila herufi mwishoni ni la NVMe peke yake. RTL9210B inasoma zote mbili. Herufi B hiyo haisikiki kabisa kaunta, na ndiyo unayoilipia.

Tukija kwenye mfumo wa biashara yenyewe, matatizo haya hayamalizwi na muuzaji kuwa mjuzi, kwa sababu muuzaji unayeongea naye huenda si yeye mwenye mzigo. Kwanza kuna winga. Anakupokea njiani, anauliza unatafuta nini, anakupeleka. Kisha duka lisipokuwa nacho, halikuambii halina. Unaambiwa "kaa hapo bosi, dakika sifuri", kijana anatumwa ghorofa ya pili au mtaa wa nyuma. Neno lako limeshapita kwa winga, kwa muuzaji, kwa kijana, kwa muuzaji mwingine. Ulisema "em-tu NVMe", aliyefika stoo alisema "em-tu". Kila mmoja alirahisisha kidogo. Dawa yake ni karatasi, au bora zaidi picha: kijana asitoke bila picha ya lebo ya kifaa cha zamani kwenye simu yake. Winga wenyewe hatuna ugomvi nao, ni wachapakazi na wanajua duka lipi lina nini. Ila usimpe neno la kubeba kichwani.

RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, ni habari nyingine, na hapa herufi inayoleta kilio ni L. DDR3, aina ya RAM ya laptopu za zamani, hutumia volti 1.5. DDR3L hutumia volti 1.35. Kwa laptopu zote mbili zina pini 204, pengo liko sehemu moja, zinaingia sloti moja bila kulazimisha. Laptopu za Intel za kizazi cha 4, na ni nyingi mno kwenye mtumba wa Dar, zilijengwa kwa ile ya volti 1.35. Ukichomeka ya 1.5, nyingi zinagoma kuwaka: skrini nyeusi, kwenye HP taa ya Caps Lock inapepesa, nyingine zinalia. Mteja anafikiri ameua madabodi. Hajaua kitu, toa RAM hiyo, rudisha ya zamani, itawaka.

Sasa sikiliza inavyotamkwa. "Didi-ara-thrii-eli." Sauti ya mwisho imekaa vibaya, mtu ameshapumua. Nusu ya wateja hawaitaji, na muuzaji akiitaja inasikika kama kigugumizi. Kanuni ya kufanyia kazi: kwa laptopu yoyote ya DDR3, chukua yenye L. Ya volti 1.35 imetengenezwa kustahimili 1.5 pia, kwa hiyo kwa kawaida inafanya kazi hata kwenye mashine ya zamani, lakini kinyume chake hakuna uhakika. Na usiisikilize, isome. Lebo ya RAM mara nyingi haiandiki DDR3L, inaandika PC3L-12800S au PC3-12800S. Hiyo 12800 ni kasi ya 1600, na S ya mwisho ni ya laptopu. Ukiona U ni ya kompyuta ya mezani, ndefu maradufu, hiyo hata kipofu ataikamata.

DDR4, aina iliyofuata, haina uchungu huo. Pini 260, volti 1.2, pengo limehamishwa, kwa hiyo haiingii pasipo pake. Tatizo lake ni kasi tu, "tu-foo-hundredi" na "thrii-tu-hundredi", na hata ukikosea mashine itashuka kwenye kasi inayoiweza. Jambo moja kabla hujatoka nyumbani: fungua Task Manager ya Windows uone upande wa kumbukumbu una sloti ngapi na zimejaa ngapi, kwa sababu laptopu nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa, na hakuna tamko litakalokusaidia.

Hapa pana jambo la Kiswahili chenyewe ambalo wauzaji wazuri wanalitumia bila kulifundishwa. Majina ya herufi tuliyoyachukua kwa Kiingereza yanafanana mno: B, C, D, E, G, P, T, V zote zinaishia na "ii". Tarakimu zetu hazifanani. Moja, mbili, tatu, nne, tano, hakuna anayezichanganya hata kwa simu mbovu. Kwa hiyo "DDR nne" ni salama kuliko "didi-ara-foo", na laptopu ya kizazi cha nane iseme "kizazi cha nane". Namba za modeli, ziseme tarakimu moja moja: "moja tatu", siyo "thetini", kwa sababu "theti" na "thetini" kwenye spika ya simu ni ndugu wa damu. Wanaocheka watu kwa kuchanganya Kiswahili ndani ya majina haya hawajawahi kurudisha mzigo kwa basi.

Chaja. Acer na Asus ni majina mawili ambayo Dar yanatamkwa kwa kila namna: Esa, Eisa, Asa, Esasi, Asusi. Asus ni herufi nne za mwisho za Pegasus, farasi mwenye mabawa wa Wagiriki, na kampuni inalitamka "a-susi". Hilo peke yake lisingekuwa na uzito, ila chaja zao za kawaida zote ni volti 19 na ampea 3.42, wati 65, na vichwa vyao vya zamani vyote vina kipenyo cha nje cha milimita 5.5. Ndani ndiko kuna tofauti: Acer 1.7, Asus 2.5. Ukisema "chaja ya Esa" ukapewa ya Asus, itaingia kwenye Acer na kulegea. Inachaji ukiishika pembeni, ukiiachia inakata. Watu wanakwenda kwa fundi kubadilisha tundu la chaji, kazi ya kufungua mashine nzima, wakati kosa lilikuwa kwenye kichwa cha chaja. Asus mpya zaidi zina kichwa kidogo cha 4.0 kwa 1.35, hizo hazichanganyiki na hiyo.

HP na Dell majina yao hayachanganyiki, lakini vichwa vinachanganyika. HP yenye ncha ya bluu ni milimita 4.5 kwa 3.0, volti 19.5, ampea 3.33. Dell nyembamba nayo ni 4.5 kwa 3.0, volti 19.5, ampea 3.34. Kichwa cha moja kinaingia kwenye nyingine kama chake. Katikati kuna pini ndogo inayoitambulisha chaja kwa mashine, na lugha zao ni tofauti. Dell ikipewa chaja isiyoitambua inawaka, inatoa onyo kwamba haijui aina ya chaja, na betri haichaji. Muuzaji akikuambia "kichwa kidogo hiki, kinaingia zote", amesema kweli juu ya kuingia.

Kwa upande wa "Taipu Si" (USB-C), jina hilo ni la tundu peke yake. Laptopu inahitaji chaja yenye PD (Power Delivery, mfumo wa chaja na mashine kupatana volti), na kwenye maandishi madogo ya mgongoni iwepo 20V, kwa wati 65 itaandikwa 20V 3.25A. Chaja ya simu inayoitwa "fasti chaja" inaweza kuwa na wati nyingi za kutangazwa na isiwe na volti 20 hata kidogo. Waya nao: wa kawaida unaishia wati 60, wa zaidi ya hapo lazima uwe na kichipu ndani. Omba waya na chaja kwa pamoja, vitestiwe pamoja.

Vingine vipite haraka. Adapta ya HDMI na VGA ina mwelekeo. "HDMI kwenda VGA" siyo "VGA kwenda HDMI", na ukisema "ya HDMI na VGA" utapewa iliyo karibu na mkono. Laptopu mpya kwenda projekta ya zamani ni HDMI kwenda VGA. Kwenye simu, "ramu nane" ya simu ya bei nafuu inaweza kuwa nne za kweli na nne za kuazima kwenye hifadhi. Boksi huandika 4+4 kwa maandishi madogo, na mdomo husema nane. IMEI, namba ya utambulisho wa simu, wengine huitaja herufi moja moja na wengine husema "imei", zote sawa: bonyeza *#06#, tuma tarakimu 15 kwenda 15090 uone simu ni ya aina gani kabla hujalipa. Huawei, Xiaomi, Lenovo, tamka utakavyo, utapewa ileile. Diski ya 256 ikionyesha 238 kwenye Windows hujapunjwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Na "embi mia" ya intaneti ni megabiti. Ukigawa kwa nane unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde, ndiyo utakazoziona wakati wa kupakua. Herufi ndogo na kubwa hazitamkiki, kwa hiyo hapo uliza swali: biti au baiti?

Wateja wa mikoani ndio wanaoumia zaidi. Wanaagiza kwa simu, mzigo unapandishwa basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, na ukifika Mbeya au Mwanza ukiwa siyo, kuna nauli ya mzigo ya kurudi na wiki imekatika. Maduka mengi ya eneo hili yanapokea oda kwa WhatsApp na hapo huduma yao ni nzuri kweli: wanatuma picha, wanajibu usiku, wanaonyesha kifaa kikisoma. Tumia hiyo. Toa kipuri cha zamani, piga picha lebo pande zote mbili, tuma. Ukilazimika kutaja namba kwa sauti, zipe herufi majina ya mahali: B ya Bagamoyo, D ya Dodoma, P ya Pemba, T ya Tanga, G ya Geita, M ya Mwanza, N ya Njombe, V ya Vingunguti. Inaonekana ya kitoto kwa dakika ya kwanza. Kisha mtu wa kaunta anaanza kukurudishia kwa majina yaleyale, na hapo mmeelewana.

Kwa wingi wa mzigo tunawapa tano kwa tano. Kwa ujuzi wa wauzaji, nne. Kwa kupokea neno la mteja na kulirudia kabla ya kufungua droo, mbili. Wangeweza kupanda kwa kuuliza swali moja tu, "mashine gani?", jambo ambalo maduka machache hulifanya na hayo machache ndiyo yenye foleni.

Usiondoke kaunta bila kutesti. Kwa SSD, waombe waichomeke na kufungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski. Itaandika kama ni NVM Express au Serial ATA, pamoja na saa ilizokwisha kuwaka. "Mpya" yenye saa elfu nne si mpya. Ujazo wa kughushi hauonekani hapo. Ukifika nyumbani endesha H2testw, programu ya kupima ujazo, mpaka ijaze diski yote, isomeke tena, hasa kwa flashi na diski za nje zenye bei ya kushangaza. Kwa RAM, mashine iwake na isome jumla sahihi. Kwa chaja, betri iandike inachaji na mtikise waya.

Risiti ya EFD ichukuliwe, lakini ujue kwamba mara nyingi inabeba neno la jumla, "SSD" au "RAM", ambalo halitakusaidia siku ya kurudisha. Muombe muuzaji aandike kwa mkono nyuma yake au kwenye karatasi yenye muhuri: M.2 NVMe 2280 256GB, au PC3L-12800S 8GB, pamoja na modeli ya laptopu uliyomtajia. Aandike na waranti, kwa sababu "mwaka mmoja" uliochapwa kwenye boksi ni wa kiwanda, na wa duka mara nyingi ni wiki moja ya kutesti.